Mwaka Tulipokabidhiwa Haki za Dunia Nzima

Nchi ninayoisimulia ipo, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani zetu zilikusanywa mwaka juzi ili zirekebishwe, na bado zinarekebishwa. Mimi ni raia wake mwaminifu. Jina langu Libori Chanzi, wakati ule mkalimani wa serikali daraja la pili, sasa daraja la kwanza. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba sina kinyongo na mtu. Serikali imenisomesha lugha mbili za kigeni, na haijawahi kunikamata hata mara moja, ingawa nafasi zilikuwepo.

Habari yenyewe ilianza Jumatatu moja asubuhi. Redio ilikatiza matangazo ya vifo ikasema kwamba nchi yetu imechaguliwa kuwa mwenyekiti wa Baraza la Utu la Mataifa, yaani chombo kinachosimamia haki za binadamu wote duniani, wa kwetu na wa kwao. Tulishinda kwa kura zote. Mpinzani wetu alikuwa nchi moja ndogo yenye baridi, nayo ilijitoa siku mbili kabla ya uchaguzi, ikasema imekumbuka kuwa ina shughuli nyingine.

Wapo walioshangaa. Mimi sikushangaa, maana dunia ina utaratibu wake. Jirani zetu wa magharibi, wenye gazeti moja linalotoka siku ya kuzaliwa ya rais, ndio walikuwa wanaongoza Shirika la Uhuru wa Habari. Wale wa kaskazini, waliokausha ziwa lao, walikuwa wenyeviti wa samaki. Sisi tuliwapigia kura wao, nao wakatupigia sisi. Ni nipe nikupe tu, kama majirani wanavyoazimana chumvi.

Furaha ilitangazwa kuanzia saa nne hadi saa kumi. Watumishi wa wizara tulipangwa kando ya barabara kwa urefu, wafupi mbele. Mzee mmoja wa idara ya uchapaji alichelewa kutabasamu kwa sababu ya jino bovu. Aliondolewa kwa upole na jino lake likashughulikiwa. Na yale mengine pia.

Jioni tulihutubiwa na Mheshimiwa Ludoviko Sambaya, Waziri wa Mambo ya Nje na Furaha ya Ndani. Alipanda jukwaani, akasubiri makofi yaishe, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha, alisubiri dakika kumi na saba.

"Ndugu zangu," akasema, "dunia imetazama huku na huko ikitafuta nchi isiyo na malalamiko. Imeona kwamba katika nchi yetu hakuna anayelalamika. Nawauliza, kuna anayelalamika?"

Hakuna aliyelalamika.

"Mnaona? Sasa tutawafundisha wengine jinsi inavyofanyika."

*

Ofisi ya mwenyekiti iliwekwa wizarani kwetu, ghorofa ya tano, kwenye chumba nilichokuwa nakaa na karani wa masjala aliyeitwa Damari Mkenda. Damari alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Tulikuwa tumekaa meza mkabala kwa miaka tisa. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita kaka, na tulikuwa tunagawana muhogo wa kuchemsha saa ya chai. Nilijua kwamba ana mama yake mtaa wa Kiwandani, na kwamba alikuwa na mdogo wake, mwalimu, ambaye hakumtaja tena. Sikuuliza. Katika wizara yetu mtu akiacha kumtaja ndugu yake, wenzake huacha pia, ni adabu ya kazi.

Wiki ya pili magunia ya barua yakaanza kufika. Watu wa nchi zote duniani waliokuwa na malalamiko waliyaandikia makao makuu ya Baraza, kule ng'ambo, na makao makuu yakagonga muhuri "Yapelekwe kwa Mwenyekiti kwa hatua" na kuyatuma kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuyatafsiri, ya Damari kuyaingiza kwenye jalada. Yalikuwa mazito kusoma. Nilijifunza kutafsiri bila kusoma, jambo ambalo wasio wakalimani hudhani haliwezekani.

Mheshimiwa Waziri aliweka utaratibu mzuri sana. Kwanza, mlalamikaji aliyetoweka alitakiwa afike ofisini mwenyewe, na kitambulisho, kuthibitisha kwamba ametoweka. Aliyepigwa alitakiwa alete barua ya aliyempiga. Pili, kila lalamiko lilipelekwa kwa serikali inayolalamikiwa, pamoja na jina kamili la mlalamikaji, mtaa, na namba ya nyumba, ili serikali hiyo iweze kumsaidia kwa karibu. Serikali zile zilifurahi mno. Zilituandikia barua za shukrani, na nyingine zikasema kwamba wale walalamikaji hawatalalamika tena.

Damari alizifaili barua hizo za shukrani kwa tarehe. Siku moja tu aliniuliza, "Kaka Libori, unadhani hawa watu wako wapi sasa?"

"Wamesaidiwa, dada."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya khanga muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

*

Barua ninayotaka kuisimulia ilifika Alhamisi, katikati ya gunia la bara jingine kabisa. Sikuiona mimi kwanza. Nilimwona Damari ameishika bahasha bila kuifungua.

"Vipi dada?"

"Mwandiko," akasema.

Ulikuwa mwandiko mkubwa wa herufi zilizosimama mbalimbali, wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Akaifungua. Nilikwenda nyuma yake nikaisoma naye begani, nami naiandika hapa kama ilivyokuwa, maana kumbukumbu yangu ni ya kazi, haiachii kitu.

"Kwa wakubwa wa Baraza la Dunia. Mimi naitwa Anjelina Mkenda wa mtaa wa Kiwandani. Mwanangu Yusto mwalimu wa jiografia alichukuliwa shuleni akiwa na chaki mkononi. Huu ni mwaka wa tatu. Nimeuliza polisi wakasema hayupo kwao. Nimeuliza hospitali. Nimeuliza mochwari mara nne. Sitaki kumshtaki mtu. Nataka kujua kama anakula. Nawaandikia ninyi kwa sababu mko mbali na hammuogopi mtu. Ni mimi mama yake."

Kutoka nyumbani kwa Mama Anjelina hadi wizarani kwetu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Barua yake ilikuwa imezunguka nusu ya dunia ili ifike.

Damari aliikunja mara tatu akaisukuma kifuani.

"Dada, hiyo haijapigwa muhuri wa masjala."

"Hujaona kitu, kaka."

"Nimeona."

"Basi sahau. Nakuomba kwa jina la Mungu." Alinishika mkono. "Mama hakuniambia kama ameandika. Unajua utaratibu. Ikiingia kwenye jalada itapelekwa kwa serikali inayolalamikiwa. Serikali hiyo iko ghorofa ya pili."

Ni kweli. Ghorofa ya pili ndipo ilipokuwa Idara ya Usikivu, ambayo kazi yake ni kuwasikiliza wananchi, hasa wanapodhani wako peke yao.

Siku ile ndipo aliponieleza habari za Yusto. Alikuwa amewapa wanafunzi wa kidato cha tatu swali la mtihani: Taja mito mitatu iliyokauka katika wilaya yetu, na ueleze sababu. Mito yote mitatu ilikuwa imekauka kwa sababu moja, nayo ni shamba la mpunga la kiongozi wetu mkuu, Baba Mlezi wa Taifa, lililo juu kidogo ya chemchemi. Wanafunzi walijibu vizuri. Darasa zima lilifaulu, na wiki hiyohiyo mwalimu akachukuliwa.

"Nakuapia sitasema, dada," nikamwambia, na nilikuwa na nia hiyo kabisa.

*

Mwezi uliofuata ulitangazwa Mkutano Mkuu wa Baraza, ufanyike katika mji mkuu wetu, na wajumbe wa nchi zote. Kwa desturi, mwenyekiti hutakiwa kuwaonyesha wajumbe lalamiko moja lililotatuliwa. Moja tu. Mheshimiwa Waziri akaitisha kikao cha wakuu wote wa idara, nami nikaitwa kutafsiri barua ya makao makuu.

"Tuna malalamiko elfu ngapi?" akauliza.

"Elfu kumi na nne, Mheshimiwa," akajibu katibu mkuu.

"Na yaliyotatuliwa?"

Wakuu wa idara walitazama meza. Kulikuwa na sahani ya korosho pale katikati, na hakuna aliyeigusa.

"Nimewauliza. Hata moja? Hata kidogo? Mtu aliyedhaniwa amepotea, kumbe yupo?"

Waziri akaanza kuwatazama mmoja mmoja, polepole, kutoka kulia, na kila aliyetazamwa alijikunyata. Mimi nilikuwa wa mwisho upande wa kushoto. Mdomo wangu ni wa kazi, umezoea kusema mambo ya watu wengine, na hata sijui ulifunguka vipi.

"Ipo moja, Mheshimiwa. Rahisi. Mtu mwenyewe yuko hapahapa kwetu."

Waziri aliinuka akanikumbatia. Alinukia sabuni nzuri.

Niliporudi ofisini nilimweleza Damari kwa furaha. Nilimwambia mdogo wake ataonekana, dunia nzima itamwona, na ukishaonwa na dunia nzima nani atakupoteza tena? Hata leo naona hoja ile ilikuwa nzuri.

Damari alikaa chini. Akaniangalia kama mtu anayesoma neno ambalo hajawahi kuliona.

"Kaka Libori," akasema, "umeniua."

"Nimekusaidia, dada."

"Hivyohivyo unavyowasaidia wale wa kwenye magunia."

*

Siku ya pili akaja Kapteni Mbonde wa Idara ya Usikivu. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo dada."

Damari hakuitikia.

"Samahani kwa usumbufu. Mdogo wako shingo yake ni inchi ngapi? Fundi anashona suti."

Damari akajibu, "Kumi na sita. Ilikuwa kumi na sita."

Kapteni akaandika. "Na yeye ni mtu wa rangi gani? Kahawia au kijivu? Tunataka apendeze."

"Yuko hai?" Damari akauliza.

"Dada, watu hawashonewi suti hivihivi," akasema Kapteni, kisha akafikiri kidogo. "Kwa kawaida."

Wakati huohuo Gereza la Mlimani, alikokuwa Yusto, lilibadilishwa jina likaitwa Nyumba ya Mapumziko, na waliokuwamo wakaitwa wapumzikaji. Hivyo ripoti yetu kwa Baraza ikaandikwa, bila uongo hata kidogo, kwamba nchi yetu haina mfungwa wa mawazo hata mmoja.

Asubuhi ya mkutano Damari aliruhusiwa dakika kumi na mdogo wake, katika chumba cha nyuma ya ukumbi. Mimi niliingia nao kwa sababu nilitakiwa kuipata hotuba mapema. Yusto alikuwa amesimama katikati ya chumba, na fundi alikuwa anamzunguka na mdomo uliojaa pini. Suti ilishonwa kwa vipimo vya miaka mitatu iliyopita. Ilimwelea kama shuka kwenye kamba. Kwa hiyo fundi aliikusanya nguo yote ya ziada mgongoni na kuibana kwa pini, safu baada ya safu, hadi kwa mbele mwalimu akaonekana mtu wa afya.

"Usigeuke tu," fundi akamwambia. "Ukitazama mbele wewe ni bwana harusi."

Damari alimshika mdogo wake uso kwa mikono miwili. Hakumkumbatia, labda aliogopa pini.

"Mama anakula?" Yusto akauliza.

"Anakula."

"Vizuri?"

"Yusto, soma walichokuandikia. Soma tu, ushuke. Baadaye tutaona. Nimekupata sasa, usinipotee tena, mdogo wangu. Niahidi."

Yusto hakuahidi. Akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso.

"Wewe ndiye mkalimani?"

"Ndiye, mwalimu."

"Unatafsiri kila kitu?"

"Kila kitu. Ndiyo kazi yangu."

"Vizuri," akasema. "Kule juu mlimani tuliulizana sana kama atakuwepo mtu wa hivyo."

*

Ukumbi ulipendeza. Wajumbe wa nchi zote walikaa kwa alfabeti, kila mmoja na spika zake ndogo za tafsiri masikioni, na mbele kabisa alikaa Mama Anjelina, amevishwa kitenge kipya chenye nembo ya Baraza. Mwembamba, mwenye nywele nyeupe, mikono juu ya magoti. Walimpandisha jukwaani amkumbatie mwanawe, na wapiga picha waliomba arudie mara mbili. Alirudia. Mara ya tatu hakutaka kumwachia, na Kapteni Mbonde akamsaidia kushuka.

Kisha Kapteni akaja kukaa nami kwenye kibanda cha vioo cha wakalimani, kule juu ya ukumbi. Nilimwambia hakuna haja. Akasema anapenda lugha.

Yusto alisoma ukurasa wa kwanza vizuri. "Mimi Yusto Mkenda sikutoweka. Nilikuwa mapumzikoni. Naishukuru serikali yangu kwa hewa safi ya mlimani." Nilitafsiri kila neno. Wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mjumbe wa nchi ya samaki alifuta chozi.

Halafu Yusto akaikunja karatasi. Akavuta pumzi, akasimama wima kama mwalimu mbele ya darasa la asubuhi.

"Sasa naita mahudhurio," akasema. "Sefu Makungu, fundi redio."

Akanyamaza kidogo, kama anayesubiri mtu aitikie.

"Teresia Ndomba, nesi. Kaitani Mwelase, mwanafunzi. Batuli Shemdoe, mpishi wa shule. Zakayo Lihawa, mchungaji, haoni tena."

Watu wa nchi yetu waliokuwamo ukumbini walielewa papo hapo. Safu nzima ya wakuu wa idara iliinama ikatazama viatu. Lakini wajumbe walinitazama mimi, yaani walikitazama kioo changu, wakisubiri spika ziseme. Nilikuwa nimefungua mdomo. Jina la kwanza lilikuwa limeshafika ulimini. Ndipo Kapteni Mbonde aliposogeza kiti chake karibu na changu. Aliweka mkono begani kwangu, mkono wa kirafiki, mzito kidogo.

Kila mkalimani anajua kwamba majina ya watu hayatafsiriki. Ni sheria ya kwanza ya fani yetu. Kwa hiyo nikasema, kwa lugha zote mbili na kwa sauti nzuri: "Mzungumzaji sasa anawataja mababu zake kwa shukrani, kama ilivyo desturi ya watu wake."

Yusto aliita majina arobaini na moja. Kwa kila jina alisubiri kidogo. Sauti yake ilikauka kwenye ishirini na kitu, akameza mate, akaendelea. Mama yake alikuwa amesimama. Damari, kule nyuma mlangoni, alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa inarudia kila jina. Mimi kwenye spika nilikuwa naongeza tu maneno machache, "na babu mwingine", "na bibi wa upande wa mama", ili wajumbe wasichoke.

Alipomaliza, Yusto akatazama juu, moja kwa moja kwenye kioo changu, akaniinamishia kichwa. Alikuwa ananishukuru.

Wajumbe wakainuka. Nchi zote duniani, kwa alfabeti, zilisimama na kupiga makofi, na Mheshimiwa Waziri, kwa kuwa hakuweza kuwa wa mwisho, alipiga makofi kuliko wote huku jasho likimtiririka. Yusto akageuka kushuka jukwaani. Ukumbi mzima ukauona mgongo wake, zile pini mamia zikimetameta kwa taa za televisheni. Mjumbe mmoja aliniuliza baadaye kama ule ni mtindo wa kitaifa. Jioni ile Yusto alirudishwa mlimani, kumalizia mapumziko.

*

Kwenye chakula cha mchana kuku walitosha. Mwanamke mmoja mzee, mjumbe wa nchi ya visiwa vidogo, alinifuata na sahani yake tupu. Aliwahi kufundisha kwetu zamani, kabla hatujawa na utulivu, nami sikujua. Spika zake alikuwa amezivua tangu mwanzo.

"Bwana mkalimani," akaniambia kwa lugha yetu, ya kizamani lakini safi, "yule hakuwataja mababu. Yumo mwanafunzi mle."

"Ni mababu wachanga, bibi," nikamjibu.

Aliweka sahani yake mezani. Akasema ameandika majina kumi na mawili na atayasoma kikaoni saa tisa. Ikaja kugundulika saa nane kwamba viza yake ina kasoro, na daftari lake halikuonekana hotelini. Kiti chake kilikaa kitupu hadi mwisho wa mkutano, na kikahesabiwa kama kura ya ndiyo.

Siku ya tatu wajumbe walipelekwa kuitembelea Nyumba ya Mapumziko ya Mlimani. Niliwatafsiria njia nzima. Tulikuta imepakwa rangi nyeupe, bado mbichi, na imefunguliwa milango yote. Hakuna mtu. Mkuu wa pale alitueleza kwamba wapumzikaji wote wameruhusiwa kwa pamoja asubuhi ya jana, kwa heshima ya mkutano.

"Wamekwenda wapi?" mjumbe mmoja akauliza, na nikatafsiri.

"Nyumbani."

"Kwa usafiri gani?"

"Malori," akasema mkuu, na nikatafsiri. Upande wa pili wa mlima kuna machimbo ya zamani ya chokaa, na barabara ya kwenda huko ilikuwa na alama mpya za matairi mapana. Hakuna aliyeuliza habari za barabara. Wajumbe walipiga picha, wakasifu upepo, na mmoja akachafua kiwiko kwa rangi.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta mtu mwingine kwenye meza ya Damari. Niliambiwa dada amehamishiwa masjala ya Wilaya ya Kusini Mpya. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikaulizia wilaya hiyo iko wapi. Nikajibiwa inatarajiwa kuanzishwa. Miwani yake ilibaki kwenye droo, na ule uzi umekatika.

*

Baraza lilituongezea muda wa uenyekiti, na Mheshimiwa Waziri akanituma mtaa wa Kiwandani nikampelekee Mama Anjelina cheti cha shukrani pamoja na picha kubwa, ndani ya fremu, ya yeye na mwanawe wamekumbatiana. Nilikwenda mchana. Nyumba ni chumba kimoja na ukumbi mdogo, sakafu imefagiliwa, na mezani kulikuwa na daftari la shule limefunguliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae." Aliipokea picha akaitazama, akaiegemeza ukutani. Cheti hakukisoma. Alikuwa ananitazama mimi. "Uso wako naujua. Wewe ndiye ulikuwa kwenye kile chumba cha vioo?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ah! Damari aliniambia. Alisema wageni hawajui lugha yetu, kuna kaka mmoja ndiye mdomo wa Yusto." Akasogeza kiti chake. "Basi niambie wewe. Mimi nilikuwa mbele, sikugeuka nyuma, nilikuwa namtazama mwanangu. Alipomaliza yale majina, wale wakubwa wa dunia walifanyaje?"

"Walisimama, mama."

"Wangapi?"

"Wote."

"Wote kabisa?"

"Hata mmoja hakubaki amekaa."

Alifumba macho. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya mwendo mrefu. "Basi wamesikia," akasema. "Basi watakwenda kuwaulizia, wale na Yusto wangu. Watu wengi hivyo wakiuliza, lazima wajibiwe."

Nje kulikuwa na mtu anayeponda kitu kwenye kinu, na nilisikiliza kinu.

"Nawaandikia mama zao," akaendelea, akanionyesha daftari. "Lazima wapo mahali, na hawajui kama watoto wao wametajwa. Nataka wajue kwamba dunia nzima imesimama. Ila mimi ni mzee, nimekumbuka majina kumi na tisa tu. Damari angenisaidia, lakini wamemhamisha, bado hajaniandikia. Wewe uliyasema moja moja kwa wageni. Lazima unayo yote."

Ninayo. Ndiyo ajabu yenyewe. Sikuyatamka hata moja, na ninayo yote arobaini na moja, kwa mpangilio, pamoja na kazi zao, na yule asiyeona. Yananijia nikiwa napiga mswaki.

Nikamtajia. Sefu Makungu, fundi redio. Teresia Ndomba, nesi. Aliandika polepole, ulimi nje kidogo, akiniuliza kama ni herufi moja au mbili. Ilituchukua saa nzima na zaidi. Lilikuwa tendo la kwanza la ukalimani nililolifanya vizuri mwaka ule, nami nililifanya kwa lugha yetu wenyewe, kwa mtu aliyekwisha kuyasikia.

Alipofika mwisho aliligeuza daftari likanielekea.

"Sasa andika jina lako hapo chini, mwanangu. Waone kwamba yupo mtu wa serikali aliyesikia."

"Sikuja na kalamu, mama."

Akanipa ya kwake.

Niliipokea. Kisha nikaandika vizuri kabisa, kwa mwandiko ulionyooka wa wizarani, jina ambalo si langu. Mama Anjelina akalisoma herufi kwa herufi, akainua kichwa, akanishukuru kwa jina hilo, akasema ataniombea nalo kila siku.